Siku Waliponiuliza Mimi Mwenyewe

Kabla ya ugonjwa nilikuwa mtu wa jembe na sala. Kijiji chetu kiko nje ya mji wa Kasongo, huku Kongo, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu. Nililima mpunga na mihogo, na Jumapili ambazo padri hakufika, mimi katekista ndimi niliyeongoza ibada. Watu waliniita Mwalimu. Nilikula nikashiba, nililala nikaamka, na sikujua kwamba hayo yote ni neema.

Ugonjwa ulianza na sauti ya maji. Mto Lualaba uko mbali nasi. Lakini mchana mmoja, nikipalilia mpunga, niliusikia ukipita chini ya ardhi, polepole, kama mtu anayeburuta mkeka. Sikuogopa. Sauti ile ilikuwa tamu. Siku chache baadaye niliisikia chini ya nyumba yangu. Nikaanza kugusa nguo za watu kuona kama zimelowa. Ugali ukawa kama povu kinywani, nikauacha. Nikaacha kuoga pia, nisije nikayaita maji. Mwili ukatoa harufu ambayo hata mimi niliisikia, hadi mke wangu akawa ananiogesha kwa nguvu. Usingizi ulinikimbia kabisa, na kila nilichokitazama kilielea: kuku, watoto, moshi wa jikoni.

Jumapili moja, katikati ya ibada, niliwaambia waamini wapande juu ya mabenchi kwa kuwa maji yanaingia. Vijana walicheka. Bibi mmoja alipanda kweli, akakunja kitenge chake hadi magotini, kwa sababu Mwalimu amesema. Leo namcheka kwa upendo. Siku ile nilimshukuru, kwa kuwa nilimwona yeye peke yake ameokoka.

Mdogo wangu Kalunga alinifunga mikono kwa kamba, huku analia. Walinipeleka kwenye chumba cha maombi, nikafungishwa siku nyingi bila chakula. Sala sikuikataa, wala siikatai leo. Lakini mwili uliokwisha kukonda haukuhitaji mfungo mwingine. Nilipoanza kuanguka, Kalunga alinipakia kwenye baiskeli, akanisukuma hadi hospitali.

Kwetu mgonjwa hasumbuliwi kwa maswali. Ndugu anayemlinda ndiye anayemjibia. Ni heshima, na mimi mwenyewe niliwahi kuwajibia wengi. Basi daktari alimtazama Kalunga, akamuuliza habari zangu kwa Kiswahili cha kwetu.

"Iko nalala?"

"Iko nalala, Dokta."

"Iko nakula muzuri?"

"Muzuri sana. Ila kichwa tu. Hasikii kitu."

Nilikuwa nasikia yote. Kalunga hakuwa mwongo. Alikuwa na aibu, na alitaka kumfurahisha daktari. Niliyasikia maneno yao kama mtu aliye chini ya mto anavyosikia watu wakiongea ukingoni. Nilitaka kusema, lakini sauti yangu ilikuwa mbali, na hakuna aliyeingoja.

Nikapewa dawa. Maji yalitulia kidogo, lakini mate yalinitiririka hadi kifuani, mikono ikatetemeka, shingo ikajivuta upande mmoja ikakataa kurudi. Kila asubuhi waliuliza, na kila asubuhi Kalunga alijibu, "Iko muzuri."

Mchana mmoja Kalunga alikwenda sokoni kututafutia chakula. Muuguzi mmoja, Zaina, alikuja na karatasi yake, akatazama huku na huku, hakuona mtu wa kumuuliza. Akavuta kigoda, akaketi.

"Baba Mwalimu, leo hakuna wa kukusemea. Itabidi unisaidie. Wapi panakuuma?"

Alingoja. Sijui alingoja muda gani. Niliona jua likihama kutoka goti lake la kushoto kwenda la kulia. Kisha nikasikia sauti yangu.

"Shingo."

Jioni ile ile daktari alibadilisha dawa. Shingo ikarudi mahali pake. Usingizi ukaja, kwanza kidogo kama ndege anayeogopa, halafu mwingi. Maji yalishuka mwezi baada ya mwezi. Nilirudi shambani, na baada ya muda mrefu padri akanirudishia ibada.

Miaka ilipita. Siku moja Zaina, ambaye sasa anafundisha wauguzi, alitutumia ujumbe: anataka niende kuwafundisha wanafunzi wake. Mke wangu, Mama Feza, alikataa.

"Watu wamesahau, nawe unataka kuwakumbusha? Kesho watasema tunaongozwa katika sala na kichaa."

Nilijua kwamba anasema kweli. Ningeweza kupoteza ibada yangu mara ya pili. Niliomba siku tatu. Moyo haukunipa amani ya kubaki, kwa hiyo nilikwenda, na Mama Feza akanifuata akinung'unika.

Darasani, pale pale hospitalini, tulipewa viti viwili. Zaina alieleza kwamba leo mwalimu ni mimi. Mwanafunzi wa kwanza akasimama kwa adabu, akamgeukia mke wangu.

"Mama, Baba iko nakunywa dawa vizuri?"

"Iko nakunywa," akajibu Mama Feza upesi.

"Na usingizi wake, Mama?"

Mke wangu alinigeukia. Akanitazama.

"Mwanangu," Mama Feza akasema, "mimi nilikuwa ukingoni. Huyu ndiye aliyekuwa ndani ya maji. Mumuulize mwenyewe."

Nikasimulia yote, pamoja na mate na harufu. Niliwaambia kwamba hata Bwana wetu, alipoona kipofu mbele yake, alimuuliza kwanza anataka nini.

Kijana mmoja mchokozi akauliza, "Mwalimu, na sasa hivi maji iko?"

Wenzake wakaguna. Mimi nikacheka. "Kwenye viatu vyako nayaona. Hapana, mwanangu. Yakirudi kunong'ona, namwambia Mama Feza, na tunakuja hapa."

Kisha tukaingia wodini. Kijana aliyetoka machimbo ya dhahabu ya Salamabila alikuwa amekaa kitandani, macho ukutani, mama yake pembeni. Mwanafunzi yule mchokozi akaanza, "Mama, tangu lini..." Akachuchumaa mbele ya kijana.

"Kaka, unataka nini?"

Mama yake akataka kujibu. Mke wangu akamshika mkono. Tulingoja mpaka miguu ikatuuma.

"Sandali zangu," kijana akasema.

Mama yake alikuwa amezificha asitoroke. Alizitoa kwenye mfuko wake wa nguo, akalia kwa sauti, kwa kuwa tangu walipofika hospitali hakuwa amemsikia mwanawe akisema.

Tulirudi kwa miguu, Mama Feza mbele yangu, bila kugeuka.

"Wakati ule," akasema, "nilipokuwa nakuogesha kwa nguvu. Ulinisikia?"

"Nilikusikia."

"Hata matusi?"

"Hata matusi."

Alitembea kidogo. "Basi nisamehe, Baba Feza. Nilidhani haupo."

"Nilikuwepo."

Akanishika mkono, jambo ambalo watu wa umri wetu hawafanyi njiani.

Wapo walioacha kuja kwenye ibada yangu tangu siku ile. Wengine wamekuja nyumbani kwangu na ndugu zao wagonjwa, kwa kificho, nami nawaelekeza hospitali na kuomba pamoja nao. Ewe uliye na mgonjwa nyumbani, usimfunge, na usimtoe kwenye dawa kwa sababu ya sala, wala kwenye sala kwa sababu ya dawa. Mbele ya muuguzi, mwache aseme kwanza, hata kama neno ni moja tu. Namshukuru Mungu, aliyenisikia hata nilipokuwa kimya.