Samli Iliyokatazwa Shimoni

Siku ninayoikumbuka kuliko nyingi, mwanangu, ni ile niliyofika machimboni na kibuyu cha samli mkononi, na wanaume wenye misuli wakanikimbia kana kwamba nimebeba swila. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, porini kupita Kharumwa ukielekea Geita. Nilikwenda kumtazama mdogo wangu, Masunga, ambaye mama alikuwa hajamwona kwa misimu miwili ya pamba.

Niseme kwanza mimi ni nani, maana ushauri usio na mwenyewe ni kama ng'ombe asiye na alama. Kila mtu atasema si wake. Mimi nilichunga, nikalima pamba, nikajilipia ada kwa jasho langu. Nilipomaliza shule hapa nilivuka bahari, nikasomea afya na lishe katika nchi ya theluji, nikarudi na stashahada. Katika ukoo wetu hakuna aliyekuwa ameshika karatasi ya namna ile, na sioni haya kulisema. Kuku hutaga yai moja tu akatangazia mtaa mzima. Mimi nilitaga kubwa zaidi.

Basi nilifika pale nimevaa suti yangu ya kaunda na viatu vilivyong'aa, kibuyu cha mama kikiwa kimefunikwa kwa kitambaa. Harufu ya samli ya Kisukuma huitambui kwa kuambiwa. Inatangulia mbele ya mbebaji. Wachimbaji waliokuwa wakitwanga mawe walisimama. Mmoja wao, jina lake Kulwa, mtu wa mzaha, alipiga kelele:

"Wee bwana! Simama hapo hapo! Unataka kutufilisi?"

"Ni samli tu," nikamjibu. "Mama kamletea Masunga."

"Ndiyo hiyo hiyo! Bora ungeleta chui."

Akaja mwenye duara. Duara, kwa lugha ya wachimbaji, ni shimo lenyewe la kuchimbia. Aliitwa Mzee Luhende, mtu mfupi, mkavu, mwenye sauti ya chini. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akaniomba kwa adabu nikiweke kibuyu mbali na dimbwi la kuoshea mchanga. Nilimuuliza kisa.

"Msomi, dhahabu na mafuta havikai pamoja," alisema. "Nilipokuwa kijana niliosha mchanga kwa mikono iliyotoka kuchuna mbuzi. Dhahabu ilipanda juu ya maji, ikaondoka ninaitazama. Tangu siku hiyo mafuta hayaingii kwangu. Si mkononi, si kinywani."

Nilielewa mara moja kwamba mzee yule alikuwa amesema kweli nusu, na nusu ya kweli ni ngumu kuing'oa kuliko uongo mzima. Watu wake hawakula samli, wala nyama, wala samaki wa ziwani, wala mayai. Hata maziwa yalikatazwa, kwa kuwa siagi hutoka humo. Walikula ugali wa muhogo na majani yaliyochemshwa kwa chumvi. Waliingia shimoni jua halijapanda na kutoka likiwa limezama, wakarudi vibandani. Fikiri mwenyewe, mwanangu: Wasukuma, watoto wa ng'ombe, wanaishi bila maziwa!

Masunga alitoka shimoni mwisho wa wote. Huyu ndiye aliyekuwa akibeba magunia mawili ya pamba kwa mpigo, na machimboni walikuwa wamempa jina la Tingatinga. Sasa alipanda ngazi za miti kwa kujivuta kwa mikono, na alipofika juu akatembea akiyumba huku na huku kama bata.

"Tingatinga limeishiwa dizeli!" Kulwa akasema, na watu wakacheka.

Masunga naye alicheka. Mficha uchi hazai, lakini kijana mwenye jina la nguvu ataficha mpaka mfupa umseme. Tulipokaa kando nilimwambia achuchumae kisha asimame. Alichuchumaa. Kusimama kukawa kazi: aliweka viganja kwenye magoti, akajipanda mwenyewe mapajani, kama mtu anayepanda mti. Nilimbonyeza mfupa wa muundi, ule wa mbele ya mguu, kwa kidole gumba, akavuta pumzi kwa meno.

"Tangu lini?"

"Ni baridi ya shimo tu, kaka. Wengine wanasema nimerogwa na watu wa duara la pili. Mganga keshaagizwa."

Nilimweleza nilichokiona ng'ambo. Kule kuna miezi ambayo jua ni kama mgeni wa mbali. Watoto wa kule hupewa mafuta ya ini la samaki kwa kijiko, wakunje uso wasikunje, kwa sababu wakinyimwa jua na mafuta kwa pamoja mifupa yao hulainika na miguu hupinda. Nikamwambia kwamba shimo la Mzee Luhende lina majira ya baridi ya mwaka mzima.

"Theluji Kharumwa!" alisema. "Kaka, kweli umesoma mpaka ukapitiliza."

Nilimtaka tuondoke naye siku ile ile. Alikataa. Alisema wamekaribia mshipa wa dhahabu, mawe yameanza kubadilika rangi, na wenzake wamechimba naye tangu udongo wa juu. Lakini kilichomfunga hasa alikisema baadaye, akitazama chini: "Nikila hiyo samli, halafu mshipa ukapotea, watasema ni mimi. Nitakaa wapi mimi na jina hilo?"

Nilijua kinachomngoja. Miguu ile ingekubali shimo kwa muda mfupi tu. Siku moja mikono ingechoka katikati ya ngazi, na chini yake kulikuwa na kina cha minazi miwili na mawe matupu.

Asubuhi yake nilikwenda kwa Mzee Luhende mbele ya watu wote. Nilimwomba karai, mchanga uliokwisha kutwangwa, na kijiko. Nilikaa juu ya jiwe, nikafungua kibuyu, nikala samli kijiko baada ya kijiko wakinitazama. Mtu mmoja alitema mate chini. Nilipomaliza niliosha mikono kwa majivu na maji mpaka ngozi ikakwaruza, nikaingia dimbwini na suti yangu, nikaanza kuosha mchanga. Nisifiche: nilikuwa nimelelewa karibu na machimbo na mkono wangu ulikuwa haujasahau. Mchanga ulikwenda zake, na kwenye ukingo wa karai ukabaki mstari mwembamba wa njano. Haukuhama.

"Haya, tumbo langu limejaa mafuta," nikasema. "Mbona dhahabu haijanikimbia?"

Kisha nilichovya ncha ya kidole kwenye samli, nikagusa maji ya karai. Chembe za njano zilipanda juu zikaelea, zikaanza kuteleza kwenye ukingo.

"Wee! Wee! Inatosha!" Mzee Luhende alipaza sauti, na kwa mara ya kwanza alisahau upole wake. "Zuia karai!"

"Mzee, ulichokiona ujanani ni kweli kabisa," nikamwambia. "Mafuta ya mkononi hufukuza dhahabu. Ya tumboni hayana njia ya kufika kwenye karai."

Watu waliguna. Kulwa akanipigia makofi, "Bwana Stashahada! Bwana Stashahada!" Nami, mwanangu, nilivimba. Nilisimama mle dimbwini nikawapa mhadhara: chokaa ya mifupa, ini, jua, nchi nilizopita, walimu walionisifu. Nilizungumza vizuri sana. Hata leo sina shaka na hotuba ile. Nilipokuwa bado naendelea, Mzee Luhende akanigusa bega.

"Msomi, keti."

Nikaketi.

"Ulichosema nimekiona kwa macho yangu, sibishi. Lakini uliyemjia si mimi." Akaelekeza kidevu upande wa vibanda. Masunga alikuwa amekaa peke yake, ametupa mgongo. "Yule hakushindwa kuelewa. Anaogopa watu. Hofu ya watu haiondolewi kwa karai."

"Iondolewe kwa nini, mzee?"

Aliomba kijiko na kibuyu. Akatembea mpaka alipokaa Masunga, akajishusha chini taratibu kama wazee wanavyojishusha, akafungua kibuyu cha mama yetu na kula. Mwenye duara, aliyeweka mwiko ule, alikuwa anakula samli mchana kweupe hatua chache kutoka kwenye shimo lake. Alilamba kijiko, akakipangusa kwenye shati, akampa Masunga.

"Mshipa ukipotea," alisema kwa sauti ambayo kila mmoja aliisikia, "nimeupoteza mimi. Kula, mwanangu. Kisha uende kwa mama yako."

Masunga alikula. Kulwa alisogea akaomba kijiko naye, kwa mzaha, akala bila mzaha. Wengine wakafuata.

Nilimchukua ndugu yangu. Hospitali ya mjini walipiga picha ya mifupa wakakuta ndivyo nilivyosema. Walimpa dawa, na mengine tukayafanya nyumbani: maziwa, mayai, samaki wa ziwani wenye mafuta, na kila asubuhi kukaa nje ya boma bila shati, jua likimpiga mgongoni, mama akimsimanga kwamba ameanza kuota kama mjusi. Haikuwa kazi ya wiki. Mfupa hujengwa kwa mwendo wa kichuguu. Ilipofika palizi alishika jembe. Ilipofika mavuno alichuchumaa kumkamata ndama akasimama naye mikononi, wala hakugundua kwamba amefanya jambo. Nyonga moja haikurudi sawasawa, na ngoma za mashindano hakuzicheza tena. Lakini alioa, akalima, na akazeeka kwa miguu yake mwenyewe. Mshipa kule machimboni ulipatikana kwa kiasi chake, si wa kutajirisha wala wa kulalamikia.

Sasa nikueleze jambo lenyewe, kwa kuwa hujakaa darasani nilikokaa. Watu hudhani mafuta ni kuni tu za mwili: unakula, yanaungua, unapata nguvu. Hiyo nayo ni kweli nusu. Mafuta pia ni tarishi. Chini ya ngozi yako kuna aina ya mafuta ambayo jua likiyapiga hubadilika, hupita kwenye ini, hupita kwenye figo, na kila mahali hutengenezwa zaidi, mpaka yawe ujumbe kamili. Ujumbe huo huliambia tumbo, pokea madini ya chokaa. Mfupa huusikia ukakazana. Hata msuli una sikio lake kwa ujumbe huo; ukiukosa hulegea, na ndiyo maana mtu mwenye mapaja makubwa hushindwa kusimama.

Na si hayo tu. Kuta za chembe hai zote za mwili wako zimejengwa kwa mafuta. Msuli ukifanya kazi na kuumia kidogo, vipande vya mafuta hukatwa kutoka kwenye kuta hizo na kupeleka habari: hapa pamebomoka, leteni mafundi. Vipande vingine huja baadaye kusema: kazi imetosha, zimeni moto. Nilipokuwa chuoni tulifundishwa sehemu ndogo tu ya haya, mengine nimeyasoma uzeeni. Wasomi wanasema msuli na mfupa huzungumza kama majirani wanaoshiriki ua mmoja, na maneno yao mengi husafiri kwa mafuta. Ukiwanyima mafuta, wanakuwa bubu. Ukiwamwagia mafuta mabaya kila siku, kama nyinyi mnaokula vya kukaangwa kwa mafuta yaliyochakaa asubuhi na jioni, wanapigiana kelele mpaka hakuna anayesikia. Kinachofaa ni kiasi, na aina, na jua, na kazi ya mwili.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu, na uishike hata kama hutashika mengine. Mwiko wa kazi ubaki kazini. Kanuni ya mkono usiihamishie kinywani. Fundi asiyekunywa maji juani kwa sababu saruji haitaki maji mengi, ni ndugu wa wale wachimbaji. Mkataza jambo muulize aliona nini siku alipokataza. Mara nyingi aliona kitu cha kweli, ila alikipa mipaka mipana kuliko kilivyostahili. Ukiona maumivu ya mfupa au udhaifu wa paja, usiyaite baridi, wala usiyaite uchawi wa jirani. Sema mapema. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini na asiyesema la guu halisikiwi na mkuu.

Na ukipata elimu, jivune nayo, mimi sikukatazi. Nimejivuna nayo maisha yangu yote na haijapungua. Ila ukiona mtu anaijua kweli na bado hainui mkono kuila, acha kumweleza. Mtafute yule anayemwogopa, umwombe aonje kwanza.

Nenda, mwanangu. Mungu akujalie mifupa ya kubeba umri wako wote, misuli inayokuitikia unapoiita, na meza yenye maziwa na watu wa kula nawe. Jua likupate kila asubuhi ukiwa umesimama.