Bafu la Bibi na Kamera ya Kisimani

Kwanza nawaomba radhi kwa tahajia na kwa mwandiko. Nimesoma mpaka darasa la nane tu, na mwalimu wangu aliwahi kusema kuwa mwandiko wangu ni kama wa kuku aliyekanyaga wino, akaenda, kisha akakumbuka kitu akarudi. Tena naandika polepole. Ukurasa huu wa kwanza nimeuanza baada ya sala ya asubuhi, na sasa nasikia watu wanapakua chakula cha mchana.

Kijiji chetu kiko kati ya Kinondo na Msambweni, ndani kidogo ukiiacha lami. Mwaka jana walikuja watu wa serikali wakasimika nguzo ndefu ya chuma karibu na kisima, na juu yake wakafunga kamera. Naibu wa chifu akatuita akatueleza kuwa ni ya usalama, mbuzi hawataibwa tena. Akasema pia kwamba kila mtu mzima apeleke ofisini nambari yake ya kitambulisho na ya simu, ziandikwe katika orodha moja. Habari ya mbuzi watu waliipenda. Habari ya orodha waliijibu inshallah, na kuna inshallah ya kwetu ambayo ukiisikia unajua hakuna atakayekwenda.

Huyo naibu wa chifu si mtu mbaya. Ameoa nyumba ya tatu kutoka kwetu, na kwa ajili hiyo haji kijijini kwa njia kubwa. Huzunguka nyuma ya mikorosho asije akakutana na mama mkwe wake. Kwetu mkwe ni mtu wa kuheshimiwa kwa mbali, na naibu ana heshima nyingi, kwa hivyo huenda mbali sana.

Aliyegundua tatizo la kamera ni bibi yangu. Bafu letu ni ua wa makuti usio na paa, kama mabafu mengine yote ya kijiji. Bibi aliingia na ndoo yake, akainua uso ajimiminie maji, akaiona kamera. Akatoka mkavu.

"Mjukuu wangu, kile kidude kinaona mpaka wapi?"

"Sijui, bibi."

"Mimi kinaniona. Maana mimi nakiona."

Tangu siku hiyo bibi akawa anaoga na mwavuli. Mkono mmoja mwavuli, mkono mmoja kata ya maji, na sabuni haina mtu. Basi nikaitwa mimi. Nilikuwa nasimama nje ya ua juu ya kinu kilichopinduliwa, nimefumba macho, nimeunyoosha mwavuli juu ya kichwa chake. Mwavuli wenyewe ulitoka hoteli moja ya Diani, una rangi zote zilizoko duniani. Ukifunguliwa, unaonekana mpaka kisimani. Kwa hivyo bibi, aliyetaka asionekane, akawa akioga kijiji kizima kinajua. Akipita, wanamwambia, "Leo umewahi, mama."

"Maisha yangu yote," bibi aliniambia, "hakuna mwanamume aliyeniona naoga ila marehemu babu yako, na yeye macho yalikuwa mabovu. Sitaki vita na serikali. Nataka kuoga kwa mikono miwili. Basi."

Wiki ile nilikwenda Kona ya Musa kutengeneza kioo cha simu. Fundi wangu ni dada mmoja aliyetoka bara, na yeye na wenzake wana kikundi cha kupinga serikali kuwachunguza raia ovyo ovyo. Mimi huwa siongei na mafundi, lakini akaniuliza habari za kwetu, nami nikajikuta nimemwambia habari ya mwavuli.

"Manze, hiyo si usalama, hiyo ni kuchungulia watu," akasema. "Na hizo namba za ID msipeane. Data yako ni kama nguo yako ya ndani. Huwezi kuianika kwa kila mtu."

Nilipomfikishia bibi maneno hayo, akasema huyo mtoto amelelewa vizuri.

Dada akaja kwetu, watu wakakusanyika, akatushauri tuandike ombi watu walitie sahihi: kamera igeuzwe, na orodha ya nambari isiwepo. Akauliza nani atakuwa karani. Kila mtu akanitazama mimi. Kwangu ni rahisi kuandika ukurasa mzima kuliko kutamka neno hapana, basi nikawa karani.

Sasa hapa ndipo nilipokosea. Kwetu karatasi yoyote ya kutia sahihi ina sehemu nne: jina, kitambulisho, simu, sahihi. Mkutano wa chanjo, ni hivyo. Semina ya mbegu, ni hivyo. Sikuwahi kuona karatasi ya namna nyingine. Nikachukua rula nikapiga mistari yangu vizuri, sehemu nne.

Nilizunguka nyumba kwa nyumba. Kueleza sikuweza, nilikuwa natoa salamu kisha nanyoosha karatasi.

"Ni ile ya bibi yako na mwavuli?"

Naitikia kwa kichwa.

"Lete kalamu."

Waliokuwa hawaandiki walinitajia nikawaandikia, wakaweka dole gumba. Watu wale wale waliomwambia naibu inshallah, mimi walinipa kila kitu, nadhani kwa sababu mtu asiyesema sana hudhaniwa anajua kutunza siri. Kwa siku nne nikajaza kurasa kumi na moja.

Nikazipeleka ofisini. Naibu wa chifu alizifunua moja moja, na uso wake ukawa unang'aa.

"Ahsante sana, binti yangu. Mimi nimehangaika miezi miwili nikapata watu sita, na wawili kati yao ni mimi na mke wangu." Akazitia kwenye mtoto wa meza, akafunga kwa ufunguo. "Hayo maneno ya juu nitayasoma nikipata nafasi."

Nikampigia dada simu. Nikamweleza nilivyofanya.

"Umepeleka orodha ya kupinga orodha."

"Naam."

"Yenye namba za ID."

"Na za simu. Na madole gumba."

Alicheka mpaka nikasikia kitu kinaanguka pale kibandani kwake. Mimi sikucheka. Nilikaa juu ya kinu changu nikatamani kisima kinimeze.

Bibi hakunigombeza. Alisema tu, "Basi sasa ananiona na ananijua. Kesho tutakwenda tukazidai. Utasema wewe."

"Bibi, mimi siwezi kusema."

"Utaweza. Mimi nitasalimia."

Usiku nilijifunza sentensi moja: Baba, tunaomba utupe karatasi zetu. Asubuhi tukafika. Naibu akasema shikamoo, bibi akasema marahaba, kisha wote wawili wakanitazama. Sentensi ikatoka kikohozi.

Kumbe naibu mwenyewe alikuwa na la kuniambia. Alitoa zile karatasi akaziweka mbele yangu.

"Hii ni moja au ni saba?"

Niliangalia sana. "Sijui, baba."

"Na hili ni jina la nani?"

"Huenda ni la jirani yetu. Au ni kosa nililolifuta."

Akashusha pumzi. "Binti, hii siwezi kuipeleka popote. Chukua zote ukaandike upya, kwa kituo, zisomeke." Akanipa na kalamu mpya.

Nilizikumbatia nikawa nataka kukimbia. Lakini bibi alikuwa ameshajongeza kiti mbele ya kioo kinachoonyesha picha za kamera, kilichowekwa pale mezani.

"Hapa ndipo tunapoonekana?"

"Ndipo, mama. Usalama."

"Na hivi viboma unavijua?"

"Mazizi ya mbuzi."

"Si mazizi. Hili ni bafu langu. Lile ni la jirani. Na lile la mwisho, lenye ndoo ya buluu?"

Naibu akainama atazame vizuri.

"Lile ni la mkweo," bibi akasema. "Ndiye yule yuaingia."

Sijapata kuona mtu mzima akienda kwa kasi ile. Alivua kofia yake ya kazi akakifunika nayo kile kioo, kisha akageukia ukutani akabaki hivyo, huku akimpigia simu fundi wa kamera. Hata alasiri haijaingia, kamera ilikuwa imegeuzwa inatazama lami. Mbuzi wakaachiwa wajilinde wenyewe.

Siku hizi bibi anaoga kwa mikono miwili, tena anaimba. Zile kurasa kumi na moja nilizikata kwa mkasi mstari kwa mstari, nikamrudishia kila mtu wake. Tukikutana, naibu huniuliza, "Orodha imefika wapi?" Nami humjibu kuwa bado naandika. Si uongo. Naandika hii.

Na nyinyi mnaosoma, niandikieni. Nielezeni kama kwenu pia kuna nguzo, na mmefanya nini. Mwachieni barua yule aliyewapa karatasi hizi, itanifika. Mwandiko wowote nitausoma, lakini tafadhali msiweke nambari ya kitambulisho.