Mwenye Gari Hukaa Mbele

Kifungua mimba wangu alizaliwa kabla ya siku zake, mwanzoni mwa miaka ya sabini, mwezi wa Julai ambao kwetu Manga huwa ni ukungu na manyunyu tu. Tuliporuhusiwa kutoka hospitali mjini Kisii, nesi alinikanya kwa jicho kali: "Baridi isimguse huyu njiani. Hata kidogo."

Mume wangu alikuwa kazini Nakuru, na mama mkwe alibaki nyumbani kuwasha moto. Aliyekuja kutuchukua ni baba mkwe, na gari lake kuukuu. Sasa, kwetu Wagusii mkwe na mkazamwana hawazoeani. Kuna heshima tuiitayo chinsoni: hamketi pamoja, hamtazamani usoni, na maneno ni machache. Lakini babu na mjukuu hutaniana watakavyo. Kwa hiyo mzee alizungumza na mtoto.

"Mjukuu wangu, mwambie mama yako hita imekufa. Feni haizunguki. Mota imeungua."

Moyo ulinipasuka. Ila nilikuwa mwalimu wa sayansi, mbishi tangu utotoni, na sikusikia harufu yoyote ya kuungua. Nikamwinamia mtoto. "Mwambie babu aangalie fyuzi kwanza."

Fyuzi ilikuwa nzima.

"Basi mwambie achukue waya, atoe umeme kwenye betri aupeleke moja kwa moja kwenye feni."

Mzee aliguna, akafanya. Feni ikanguruma.

"Kumbe mama yako amesoma," akamwambia mtoto. Nilificha tabasamu ndani ya shali.

Kama mota ni nzima, mchawi ni swichi. Aliichomoa kwenye dashibodi, akakuta vyuma vya ndani vimeliwa na kutu. Kuvisugua hakukusaidia. Akaitia mfukoni, akaunganisha pamoja nyaya mbili zilizokuwa zikiingia kwenye swichi, akawasha injini. Tukangoja. Hewa ikaja baridi, kisha vuguvugu, kisha ya moto.

Lakini iliishia mbele tu. Kiti cha nyuma, mahali pangu, kilibaki baridi kama jiwe la mtoni. Nikasimama na mtoto kifuani, naogopa kumpoteza, naogopa kuvunja heshima, na machozi yakanitoka.

Mzee hakunitazama. Alifungua mlango wa mbele, akageuza uso upande wa lango la hospitali.

"Mjukuu wangu, leo gari ni lako. Mwenye gari hukaa mbele. Huyo anayekupakata ni kiti chako tu, na kiti hakina mkwe."

Nikaketi. Tulipanda hadi Manga. Nilikuwa nikimgusa mtoto pua kila baada ya kona, na kila mara niliikuta ina joto. Sijawahi kumpenda mzee yule kama siku ile.

Karibu na nyumbani alisimamisha gari, akashuka, akafungua boneti na kuchungulia injini isiyo na ugonjwa wowote. Nilielewa. Nikamfunika mtoto vizuri, nikahamia nyuma, tukaingia uani kama watu wenye adabu zao.

Swichi mpya hakununua. Miaka ikapita, feni inapuliza moto kila injini inapowaka, hata jua likiwa kali, naye madirisha wazi na jasho linamtiririka. Binti yangu huyo alikuwa tayari anakimbia na kupanda miti. Wauza ndizi wa soko la Daraja Mbili walimcheka: "Mzee, kwa nini huizimi?"

"Nitaizimaje?" aliwajibu. "Mwenye gari bado hajashuka."