Tulivyoagwa Kabla ya Kuamua

Nianze na ujinga wenyewe, maana watu wa mtaa wetu wanausimulia vibaya na kuniongezea hata nisiyosema. Nilisimama katikati ya mkutano wa umuganda nikautangazia mudugudu mzima, yaani watu wote wa mtaa wetu, kwamba nyumba yetu inahamia Tanzania. Hakuna aliyenituma. Mama hakuwa ameamua. Nilitaka tu kuwachekesha vijana wawili waliokuwa wamekaa nyuma yangu.

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda, ambayo kila nyumba hutoa mtu wa kazi ya pamoja. Mama alikuwa ameteleza kwenye mawe ya volkano akitoka kuuza nyanya, mguu umevimba hata kiatu hakiingii, kwa hiyo nikaenda mimi na jembe lake. Tulizibua mtaro. Au niseme ukweli: wenzangu walizibua, mimi niliegemea jembe. Kazi ilipokwisha tukakaa kwenye nyasi kwa ule mkutano wa kila mara, na mkuu wa mudugudu akauliza kama kawaida yake: kuna mgeni aliyehamia ajitambulishe? Kuna anayehama atuage?

Mama alizaliwa Karagwe, Tanzania, ukimbizini, akaja Rwanda msichana mkubwa. Kaka yake alibaki huko. Kila Jumapili mjomba alikuwa akipiga simu na wimbo uleule: njoo, nyumba ya uani iko tupu, ndizi zinaoza shambani, kuni unaokota, na duka langu linataka mtu wa kuaminika. Mama akikata simu alianza kupima kwa sauti, huku anachambua maharage. Hapa mkaa umepanda. Chumba kimepanda. Mpaka unafungwa mapema, na nyanya anazobeba asubuhi kwenda Goma, upande wa Kongo, anarudi nazo zimelainika kwenye beseni. Kule basi? Kule hiki na kile. Halafu maharage yanaisha kuchambuliwa na yeye hajafika popote. Mimi nilikuwa nimezoea, kama mtu anavyozoea redio ya jirani.

Kwa hiyo mkuu wa mudugudu alipouliza, nikainuka. Nikatoa tumbo mbele kama mheshimiwa, nikasema: "Ndugu wananchi, nyumba yetu inawaaga. Tunahamia Karagwe, ambako ndizi zinaokotwa barabarani na hakuna anayeamshwa kuzibua mitaro. Walioazima sufuria zetu wazirudishe kabla ya Jumatatu. Nawashukuru, mketi."

Vijana wangu walilala chini kwa kicheko. Hata wakubwa walicheka. Lakini mkuu wa mudugudu hakucheka. Aliinamisha kichwa, akaishukuru nyumba yetu kwa miaka tuliyokaa nao, akawaomba watu wapige makofi. Wakapiga yale makofi ya taratibu ya kumuaga mtu. Mzee mmoja, ambaye sikumbuki hata siku moja kumsalimia vizuri, alikuja akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema, "Mama yako ni mtu. Mwambie tumesikitika."

Hapo kicheko kikanikatika. Ningeweza kusema palepale kwamba ni utani. Lakini kwetu, mtu akisimama mbele ya mudugudu akasema, ni nyumba ndiyo imesema. Kukana kungekuwa kusema kwamba nyumba ya mama yangu huwachezea watu wazima. Nikachukua jembe nikaondoka. Nilifika nyumbani, mama akaniuliza habari za umuganda, nikajibu, "Mtaro umezibuka."

Mchana huohuo akaja mwenye nyumba. Ni mzee aliyerudi kutoka Kongo, Kiswahili na Kifaransa vinalala kitanda kimoja mdomoni mwake. Nyuma yake alikuwapo mwanamume na mkewe, wamevaa nguo za kutokea.

"Mama, bon," alisema, "nasikia munaenda. We haukuniambia, lakini si mubaya, mutoto ameisha kusema mbele ya batu yote. Donc nimeleta hawa baone nyumba."

Mama aliniangalia mara moja tu. Mimi nilikuwa natazama dari, na dari yetu haina cha kutazamwa. Kisha akajinyanyua kwa kushika ukuta, akasema kwa sauti ileile anayowakaribishia wageni wa harusi, "Karibuni ndani. Tazameni tu, msiwe na haya."

Wakatazama. Yule mke akapima dirisha letu kwa kiganja, kwa ajili ya mapazia.

Walipoondoka nilisogea karibu na mlango, tayari kukimbia. Mama alikaa. Akaniuliza, "Ulisema kwa sauti gani?"

"Sauti ya mheshimiwa."

"Na tumbo ulilitoa?"

"Nililitoa, mama."

Alitikisa kichwa. "Sasa tukibaki sisi ni waongo. Tukienda, tumefukuzwa na mdomo wako." Hakunipiga. Ningependa angenipiga, maana kofi lina mwisho.

Jumapili jirani wa ukuta mmoja, naye mtu wa Kongo, mama mwenye mwili na huruma nyingi, alikuja kumkumbatia mama na kumlilia begani. Alipomaliza kulia akajifuta machozi akauliza, "We Mutanzania, ile imbabura yako utaibeba? Ni nzito, dada. Itakusumbua mu njia." Imbabura ni jiko letu la mkaa. Lilikuwa na sufuria juu, maji yanachemka. Mama akamwambia atafikiria. Jirani akasema hakuna haraka, yeye angengoja, lakini akaliinua kidogo kwa pembeni kuona uzito.

Siku zile nilianza kumwona mama akiitazama nyumba kama mtu aliyekwisha kuhama. Aliacha kupigilia msumari uliolegea. Aliacha kupima kwa sauti. Nadhani alikuwa ameanza kuamini kwamba mudugudu umemwamulia, na labda upande mmoja wa moyo wake ulikuwa umepumzika kwa hilo. Sikuthubutu kuuliza. Hata shuleni utani wangu ulikuwa umepungua. Mwalimu aliuliza kama naumwa.

Halafu Ijumaa, lori la viazi likasimama barabarani na bibi akashuka.

Bibi ni mama wa baba yangu. Anakaa Bugeshi, juu kule kwenye baridi, chini ya volkano. Baba alikuwa mtoto wake pekee, naye amezikwa kwenye kona ya shamba lake. Mimi ndiye mjukuu, hakuna mwingine. Habari zilikuwa zimepanda kwake kwa pikipiki: dereva mmoja wa mtaani kwetu ana shangazi kule. Mama alikuwa hajamwambia chochote, kwa sababu hakukuwa na cha kumwambia.

Akateremsha gunia la maharage. Akateremsha unga wa mtama. Akateremsha mfuko wa viazi vidogo vilivyoanza kuchipua, na blanketi jipya bado na karatasi yake ya dukani. Mimi nilivibeba ndani nikihesabu dhambi zangu. Hiyo ni impamba, chakula cha njia anachofungiwa mtu wa safari. Ukiletewa impamba huirudishi. Ukiirudisha, umemwambia aliyeileta kwamba mikono yake si kitu. Na nyumbani kwa bibi yangu impamba hailiwi kabla ya kuvuka mto wowote.

"Viazi hivi si vya kula," bibi alisema kwa Kinyarwanda, nami nayaandika maneno yake kwa Kiswahili nilivyoyaelewa. "Ni mbegu. Mkifika mtafute mahali penye kilima. Blanketi ni la huyu, njiani kuna baridi."

Mama aliviangalia vitu vile. "Mama, umevitoa wapi vyote hivi?"

"Kwa kondoo."

Alikuwa na kondoo mmoja. Mimi nilikuwa nikimpanda mgongoni nilipokuwa mdogo, na mbolea yake ndiyo iliyokuwa ikilisha shamba zima la viazi. Bibi alimtoa kwa mtu wa Kanzenze, akapewa maharage, unga na blanketi. Alilisema hilo kama mtu anayesema leo kumenyesha.

Nilisema kila kitu. Kwamba nilikuwa nafanya utani. Kwamba mama hajaamua. Nilisema haraka haraka nikitazama miguu ya bibi iliyokuwa na vumbi la barabara. Nilingoja alie, au anilaani. Aliketi kwenye mkeka, akajipanga nguo magotini, akamwambia mama, "Basi kama hujaamua, amua sasa. Mimi niko hapa, nisikie."

Ndipo mama akapima upya, lakini safari hii si kwa maharage. Alimpimia bibi.

"Kule hakuna kodi ya chumba, mama. Chakula ni kingi. Nitakaa dukani, sitabeba beseni kichwani tena."

"Na huyu? Shule?"

"Watamrudisha darasa. Masomo hayafanani."

"Nitakuwa wa kwanza hatimaye," nikasema. Hakuna aliyenitazama.

"Hapa," mama akaendelea, "nina umeme, nina bima ya afya, nikiumwa natibiwa. Njia ni safi, usiku natembea bila hofu. Lakini nalipa kila kitu, mama, hata majani ya maboga nanunua. Nikiamka asubuhi nimeshatumia."

"Hayo ni ya tumbo," bibi akasema. "Mengine?"

Mama akasema jambo ambalo miaka yote sikuwa nimelisikia. "Kule nilikuwa nacheka kwa sauti. Watu wanasalimiana toka upande huu wa shamba hadi ule, wanapiga kelele. Nilipokuja hapa nikacheka mara ya kwanza kwenye harusi, wanawake wote wakageuka. Nikajifunza kuweka mkono mdomoni. Kule waliniita Mnyarwanda tangu nazaliwa. Hapa wananiita Mutanzania. Sijui niende wapi nikaitwe tu mtu."

Bibi akasema, "Mwanangu alikupendea kicheko hicho. Alinieleza. Nenda, ukacheke."

Bibi alikuwa ametoa kondoo, na sasa alikuwa anatutoa sisi, na uso wake haukubadilika hata kidogo.

Mama akamuuliza, "Ungekuja nasi?"

"Mimi? Kwenye joto?" Bibi akacheka kidogo. "Na huyu aliyelala shambani nimwachie nani? Mwaka jana wenye ng'ombe walitaka kupitisha njia juu yake."

Jirani alikuwa anaimba upande wa pili wa ukuta. Mama akavuta ule mfuko wa mbegu, akatoa kiazi kimoja, akakigeuzageuza akikitazama machipukizi.

"Ile nafuu ya kule, mama," akasema, "wa kuilipa ni wewe. Mimi nitakula ndizi za bure, na wewe utachota maji peke yako mpaka siku utakayoanguka njiani. Hiyo si bure. Ni bei tu, imeandikiwa mtu mwingine. Sitaki."

"Usibaki kwa ajili yangu. Utanichukia."

"Siku nyingine nitakuchukia," mama akasema. "Tunabaki."

Bibi hakushukuru. Alisema tu kwamba mbegu zisikae mfukoni, zitaoza, na kwamba unga upikwe, hakuna mto tena wa kuvuka. Mama akaweka maji motoni. Tulikunywa uji wa mtama sisi watatu, na nilikuwa sijui nimeze nini kwanza, uji au yale mengine.

Kesho yake mama alichechemea hadi kwa mwenye nyumba, mimi nyuma yake. Alimwambia tumebaki. Hakunitaja. Alisema, "Nilikosea kutangaza mapema." Yeye, ambaye hakutangaza lolote.

Mzee akajikuna shingo. "Pole, mama. Lakini mi niliisha kupa ile batu neno yangu, na ule muke ameisha kununua mapazia. Iko chumba moja huku nyuma, karibu na choo. Ni kidogo, lakini kwa we nitapunguza."

Ndimo tunamokaa sasa. Mimi nalala kichwa kikiwa chini ya meza. Upepo ukigeuka tunajua majirani wamekula nini. Mama anaendelea kubeba nyanya, mpaka unaendelea kufungwa mapema, na mjomba bado anapiga simu, lakini siku hizi anauliza tu hali.

Siku ile tukitoka kwa mwenye nyumba nilimwambia mama anisamehe. Alitembea kidogo kwanza, mkono wake begani kwangu kwa ajili ya ule mguu. Halafu akasema:

"Shule zikifungwa unapanda Bugeshi, unakaa huko mpaka zifunguliwe. Utachota maji, utapalilia, utalala karibu na mlango. Kondoo wa bibi yako hayupo, kondoo ni wewe. Na ukimchekesha, mchekeshe polepole. Kifua chake si kizima."