Bei ya Kuangalia Mti

Kila mtu Rongo anajua bei ya kuangusha mti. Bei ya kuuangalia hakuna anayeijua, kwa sababu hawaamini kwamba ipo. Mtu atakuita kutoka mbali, utapanda pikipiki kwa nauli yako, utauzunguka mti wake, utagonga shina kwa mpini wa panga huku umetega sikio, utamwambia ukweli, kisha atakupa maji ya kunywa na kukuombea baraka. Ukitaja pesa anacheka. "Kwani kuangalia nayo ni kazi?" Daktari akimtazama kooni dakika mbili analipa bila kunung'unika. Mimi nimekuwa nikiangalia miti tangu nilipoajiriwa na kontrakta wa kusafisha njia za nyaya za umeme, mwanamke peke yangu kwenye lori la wanaume, lakini macho yangu hayana bei.

Ukweli wenyewe una hasara. Nikisema mti ukatwe, wanasema natafuta kazi, au natamani mbao. Nikisema uachwe, narudi nyumbani mikono mitupu. Katika biashara hii mwongo ndiye anayekula vizuri, na nimewaona wakinenepa.

Mama yangu alifariki kabla sijaanza shule. Mdogo wake alinibeba kutoka Migori hadi kwake Sindo, akanilaza kitanda kimoja na mtoto wake wa kwanza, mvulana aliyenizidi umri kidogo. Kwa hiyo huyo mama mdogo ndiye ninayemwita Mama, na mwanawe ndiye kaka yangu. Mama huniita nyathina, yaani mtoto wangu, na sikuwahi kusikia akilitamka neno hilo kwangu tofauti na alivyolitamka kwa yule aliyemzaa. Nalisema mapema ili ijulikane nilikuwa na nini.

Mume wa Mama alipofariki, mwaka juzi, nilikwenda Sindo wiki ya mazishi. Sikwenda kikazi. Nilikwenda kulia na kuosha sufuria kama binti yeyote wa boma. Kaka alikuwa akizunguka na simu mbili, akipanga mahema, viti na jenereta. Alinikuta nyuma ya nyumba, ambako wanawake walikuwa wamepanga mafiga chini ya mvule mkubwa kwa sababu ya kivuli.

"Sister, wewe ni mtu wa miti," alisema. "Hii iko sawa? Watu watakuwa wengi."

Nikauangalia. Mti wenyewe ulikuwa mzima. Lakini tawi moja nene, lililoinamia upande wa jikoni, lilikuwa limeoza pale linapoungana na shina, na uyoga mgumu ulikuwa umeota hapo. Nilimwambia kaka kwamba tawi lile litaanguka, na kwamba tawi la namna hiyo halingoji upepo. Linaweza kushuka siku tulivu, jua likiwaka. Nikamwambia naweza kupanda mwenyewe nilikate kipande kipande kwa kamba.

Ndugu mmoja wa marehemu alikuwa karibu. "Mwanamke apande mti kwa boma iko na maiti?" aliuliza, na hakuwa anauliza.

Basi nikasema nitawaita vijana wangu wawili waliokuwa na kazi Isebania. Nikataja malipo yao na petroli ya msumeno. Yangu sikuyataja.

"Sister, sasa unatuchaji kwa matanga?" kaka akasema. "Hiyo tutaongea tukishazika."

"Basi hamisheni jiko."

"Sawa, sawa." Simu ilikuwa tayari sikioni.

Mama alikuwa amesimama papo hapo, leso begani, na alisikia kila neno. Nilichota jivu kwenye moto uliokuwa umezimika nikachora mstari ardhini, kuzunguka mahali ambapo tawi lingetua. Nilitumia jivu kwa sababu ndicho kilichokuwepo.

"Mama, ndani ya mstari huu asikae mtu."

"Nimesikia, nyathina."

Asubuhi nilikuta uwanja umefagiwa, mistari ya fagio imelala vizuri, na jivu langu halipo. Mafiga yalikuwa pale pale na maharagwe yanachemka. Mpishi mmoja alinieleza huku anacheka. Kaka alikuwa ameuona ule mstari akashtuka. Jivu limezungushwa ardhini katika boma lenye maiti, wageni watasema nini? Watasema kuna mchawi. Akamwambia mama yake alifagie kabla watu hawajaamka, naye akalifagia kwa mkono wake mwenyewe. Nilijaribu kusogeza figa moja, wanawake wakanifokea kwamba nitamwaga chakula cha msiba. Nilimfuata kaka, akasema watahamisha. Hawakuhamisha.

Tulizika Jumapili, maana kwetu Jumamosi ni Sabato. Watu walijaa, walikula, waliimba, na tawi halikusema kitu. Jumatatu asubuhi, mahema yakifunguliwa, Mama alikaa kwenye stuli chini ya mvule akipanga sahani za kuazima ili kila jirani arudishiwe zake. Hakukuwa na upepo hata wa kutikisa jani. Nilisikia mlio nikiwa upande wa mbele wa nyumba, na niliujua kabla sijafika.

Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Si kweli. Aliyekataa kusikia alikuwa na miguu yake yote miwili, na ndiye aliyeendesha gari kwenda hospitalini Homa Bay. Aliyevunjika nyonga ni yule aliyesikia, akanyamaza, akashika fagio.

Siku ya pili kitanda chake kilizungukwa na watu: kaka, ndugu wa marehemu, akina mama wa kanisa. Mmoja wao aliuliza ilikuwaje mti mkubwa namna ile ukaachwa juu ya watu. Kaka alijibu huku machozi yakimtoka, na hilo ndilo lililonikata zaidi, kwamba alikuwa analia kweli.

"Sister aliangalia hiyo mti. Alisema iko sawa mpaka tuzike."

"Nilisema tawi litaanguka," nikasema. "Nilichora mstari."

"Mstari gani?" akauliza ndugu wa marehemu. "Wewe ni mtaalamu. Kama ungekuwa na wasiwasi, si ungekata hata bure?"

Nilimgeukia Mama. Alikuwa macho, akili zake timamu, amenishika mkono. Nikamwomba awaambie. Alitazama dripu kwa muda mrefu, kisha akauachia mkono wangu.

"Sikumbuki," akasema.

Familia ilikaa kikao. Macho yangu, ambayo wiki moja kabla hayakufika hata thamani ya petroli, ghafla yakawa na thamani ya kulipia hospitali. Neno nililolitoa bure likageuka kuwa dhamana. Niliuza msumeno wangu mkubwa. Ningeweza kukataa, hakuna mahakama ambayo ingenilazimisha, lakini aliyelala pale ni Mama, na walijua nitalipa. Hiyo ndiyo hesabu waliyoifanya, na hawakukosea.

Habari zilifika Rongo kabla yangu. Watu waliniuliza, "Si wewe ni yule wa Sindo?" Tangu hapo nina sheria. Kabla sijainua macho kuutazama mti, nalipwa. Nikimaliza, naandika nilichoona na nilichoshauri, natia saini, mwenye mti anatia saini, kila mmoja anabaki na nakala. Wananiita wakili wa miti. Wengine hunitukana na kwenda kwa wale wanaosema kata yote. Waende. Sina tena huruma ya kugawa barabarani.

Mwaka huu, mvua zikikaribia, Mama alinipigia simu. Hatukuwa tumezungumza tangu alipotoka hospitalini. Alisema kuna mti nyumbani anataka niuangalie.

Nikamtajia bei. Nilimtajia ile ile ninayowatajia wageni, na nitakuwa mwongo nikisema sauti yangu ilitetemeka. Akasema sawa. Pesa ziliingia kwenye simu yangu kabla sijaiweka mezani.

Nilimkuta mlangoni, anaegemea gongo. Kaka alikuwa Nairobi. Mvule haukuwepo tena, walikuwa wameuangusha wote na kuuza mbao. Mama alinitangulia polepole hadi nyuma ya nyumba akanionyesha mti niliolipwa kuuangalia. Ulikuwa mche wa parachichi, urefu wake haufiki kiunoni, umezungushiwa miiba mbuzi wasiufikie.

"Angalia kama itaniangukia," alisema.

Niligusa jani moja. "Ni mzima, Mama."

"Hiyo tu? Nimelipa. Angalia polepole."

Nikachuchumaa nikauangalia. Alisimama nyuma yangu, nikisikia pumzi zake na gongo likitafuta mahali pa kusimama. Kutoka jikoni kulinukia samaki ambaye Mama hunipikia tangu nikiwa mtoto. Nilielewa kwamba alichonunua ni mimi kuja, na moyo ulianza kulainika, nikauchukia kwa kulainika.

"Jivu ulilifagia wewe," nikasema bila kugeuka. "Kwa nini hukuwaambia?"

"Yule ni mtoto wangu."

"Na mimi?"

Niligeuka nikamwona amejifuta uso kwa ncha ya leso, na alipozungumza hakuwa na hasira hata kidogo.

"Wewe, nyathina, nimekulipa."

Nikatoa karatasi kwenye mkoba, nikaandika kwamba mti ni mzima, nikatia saini. Nikampa kalamu naye atie yake.