Sufuria Isifunuliwe

Violeth wa Bariadi alikuwa mjane, muuza maandazi karibu na stendi, na kwa jambo moja hakuwa na mpinzani: keki ya maembe. Alijifunza usichanani, alipokuwa dada wa kazi kwa mama Harieth, mtumishi wa serikali aliyehamishiwa huku na oveni yake. Violeth oveni angeitoa wapi? Yeye alioka kwa sufuria, mchanga wa moto chini, mkaa juu ya mfuniko. Maembe yanakatwakatwa, yanatiwa samli na sukari, juu unamiminwa uji mzito wa unga, mayai na maziwa. Inaliwa ya moto, kwa kijiko. Na sheria ilikuwa moja tu: usifunue mpaka mkaa wa juu uzime wenyewe. Ukichungulia, inabonyea katikati, kwisha habari yake. Joyness, mwanaye wa pekee, alikulia kwenye sheria hiyo. Utotoni alizunguka jiko akilia njaa, na mama yake akimfukuza kwa ncha ya kanga: "Subira huvuta heri, we mtoto!"

Sasa Joyness alikuwa msichana mkubwa, na figo zote mbili zilikuwa zimegoma. Hospitalini waliambiwa kwa upole warudi nyumbani, na hakuna mtu mzima asiyejua maana ya upole ule. Wiki nzima hakutia kitu mdomoni. Uji alitema, supu aligeuzia uso. Violeth alikuwa akienda kulia nyuma ya choo, ananawa, kisha anarudi anatabasamu, masikini ya Mungu.

Jumapili asubuhi Joyness akafumbua macho. "Mayu," akamwita mama yake, "nataka keki ya maembe. Hata kijiko kimoja."

Weee! Violeth alitoka mbio bila viatu. Msimu wa maembe ulikuwa unaishia. Alipata matatu, akarudi ameyakumbatia. Jirani yake, Nyanjige, akaja kuwasha mkaa. Violeth alimenya huku akiomba kwa sauti: "Mungu, kijiko kimoja tu. Sikuombi kingine." Na kweli hakuwa na kingine cha kuomba, matumaini mengine yote alishayazika.

Harufu ikajaa nyumba.

"Mayu, bado?" Joyness akauliza kutoka chumbani.

"Bado kidogo, mwanangu."

Nyanjige akanong'ona, "Shoga, hii imeiva. Mchotee hivyo hivyo."

"Ibonyee? Nimpe mwanangu keki iliyobonyea, leo?" Violeth akautazama mkaa. Ulikuwa bado mwekundu. "Hapana. Nampa nzuri."

"Mayu..." sauti ikaita tena, ndogo.

"Inakuja!"

Hakuitwa tena. Alidhani amesinzia. Mkaa ulipozima akafunua, akachota kijiko, akawa anakipuliza njia nzima kisimuunguze. Alimkuta amegeukia mlangoni, macho wazi, mikono imeanza kupoa.

Subira huvuta heri! Heri gani, jamani?

Kilio kilikusanya mtaa. Wanawake wa msibani walipoingia jikoni kutafuta nafasi ya masufuria yao, wakaikuta keki. Mmoja akauliza kama waitoe. Violeth, aliyekuwa ameshikiliwa kwenye mkeka, akainua uso.

"Imebonyea?"

Nyanjige akainama kutazama. Ilikuwa imeumuka vizuri, na pengo moja tu pembeni, la kijiko.

"Haijabonyea, shoga yangu," akasema, akaifunika tena.