Mawe ya Redio ya Magdaline

Pu! Mlio mmoja tu, mzito, kama kizibo kilichofyatuka chini ya blanketi. Hata uzeeni Magdaline alikuwa akiusikia.

Ilikuwa Karatina, miaka michache baada ya Uhuru. Dada yake, Murugi, alikuwa amelazwa hospitalini karibu na Timau. Simu hawakuwa nayo, wakakubaliana: mambo yakiharibika, familia itatangaza redioni, katika matangazo ya vifo ya jioni. Magdaline akawa hakosi kusikiliza, mpaka mawe ya redio, yaani betri zake kavu, yakaishiwa nguvu. Akayaanika kwenye mabati, kama kila mtu alivyofanya. Yakaongea kidogo, yakanyamaza.

Gicheru, fundi wa redio aliyetahiriwa pamoja na marehemu mumewe, akamcheka.

"Shemeji, unaanika mawe kama mahindi? Leta niyachaji kwa betri ya gari."

"Na yakipasuka?"

"Ati yapasuke! Hata yangu nachaji hivyo hivyo."

Magdaline hakuwa na sababu ya kumshuku. Aliyarudisha nyumbani yakiwa na joto bado, kama mayai yaliyotolewa chini ya kuku, na Gicheru akapelekewa mkungu wa ndizi.

Jioni hiyo, hata kabla ya taarifa ya habari, yakalipuka. Uji mweusi ukatiririka ndani ya redio na kuzila nyaya.

"Uliweka karibu na moto," Gicheru alimwambia bila kumtazama, alipompelekea redio dukani kwake. "Nyinyi wamama na jiko! Iache hapa, nitaangalia."

Magdaline akaamini kosa ni lake. Akasubiri redio itengenezwe, akijilaumu. Kisha siku moja jirani yake, Watiri, akaingia na kibuyu cha uji, macho mekundu.

"Pole, mama. Tulishangaa hukuenda kumzika dada yako."

Magdaline alikwenda dukani kwa Gicheru akiwa na aproni yake. Redio ya Gicheru ilikuwa mezani, mgongo wazi, na ndani yake mawe mapya yakimetameta.

Akaiinua. "Haya ndiyo mawe unayochaji?"

Gicheru akafuta mikono iliyokuwa safi.

"Shemeji... mwaka jana jiwe moja lilinipasukia. Haya hayakutengenezwa kuchajiwa. Nikaogopea redio yangu."

Magdaline aliirudisha redio ile mezani polepole, kama mtu anayelaza mtoto.

"Na yangu hukuiogopea," alisema, kwa sauti ambayo Gicheru ilibidi ainame kuisikia.